Ukinusa Moshi, Niite: Barua ya Wazi kwa Abiria wa Guangzhou na Dubai

Kwa ndugu zangu wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo, kwa mawakala wenu wa mizigo, na kwa kila msafiri anayepanda ndege akiwa na betri ndani ya begi.



Mimi ni mhudumu wa ndege. Wengi wenu tumeshakutana, ingawa jina langu hamlijui. Ni mimi niliyewaletea chai alfajiri tukiwa juu ya Bahari ya Hindi, niliyewasaidia kusukuma begi lililokataa kuingia kwenye kabati la juu, niliyewaomba zaidi ya mara moja mfunge mkanda. Nawaandikia kwa sababu kuna jambo ambalo tukiwa safarini sipati nafasi ya kulisema likaeleweka. Tangazo la usalama ni la dakika chache, na wakati linatolewa wengi mnamalizia simu ya mwisho: mzigo umefika wapi, wakala wa forodha alipwe kiasi gani, mtoto amelala au bado. Siwalaumu. Biashara haisubiri ndege ipae.

Jambo lenyewe ni hili. Moshi ukianza ndani ya ndege, mara nyingi anayeunusa kwanza ni abiria. Ndege kubwa inabeba zaidi ya watu 200 waliokaa kila safu, pua zao zimeenea kuanzia mbele hadi nyuma. Sisi tuko wachache, na usiku wengine tuko jikoni tunapanga trei. Kwa hiyo dakika ya kwanza ni yenu. Anayeita katika dakika hiyo ananipa moto ninaoweza kuuzima kwa mtungi na maji. Anayenyamaza ananipa moto ambao huenda usizimike tena. Naomba mniite. Mengine yote nitakayoandika humu ni sababu za ombi hilo.

Najua watu wengi wanaamini tumewekwa ndani ya ndege kwa ajili ya chakula. Kanuni za anga za nchi nyingi zinataka angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na hesabu hiyo haikupigwa kwa kuangalia sahani. Ilipigwa kwa kuangalia watu wa kutolewa nje na milango ya kuwatolea. Kabla sijaruhusiwa kummiminia mtu soda, nilifundishwa kuvaa kofia ya moshi, ile inayofunika kichwa chote na kumpa mvaaji hewa ya kama dakika 15. Nikaingizwa kwenye chumba kilichojazwa moshi hata kiganja changu sikioni, nikaambiwa nitafute chanzo kwa kupapasa. Mafunzo hayo tunayarudia, na asiyefaulu harudi kazini.

Niwaondolee kwanza hofu moja isiyo na sababu, hasa ninyi mnaopandia Dar es Salaam au Mombasa miezi ya joto. Milango ikifungwa na hewa baridi ikafunguliwa, mnaona kitu cheupe kinashuka kutoka juu ya madirisha, kinatambaa hadi magotini. Kila mara kuna anayepaza sauti kwamba ndege inawaka. Ule ni unyevu wa hewa ya pwani uliokutana na hewa baridi ya mashine. Haunuki, haukwaruzi koo, na hupotea baada ya muda mfupi. Lakini hata ukiniita kwa ajili ya huo, nitakuja, nitakueleza, nitakushukuru. Niiteni kwa ukungu mara nyingi mnavyotaka.

Moshi wa kweli una harufu, na kila harufu inanielekeza mahali. Mafuta ya chakula yaliyoungua yananipeleka kwenye tanuri la jikoni. Hapo nazima umeme wake na kuuacha mlango wa tanuri umefungwa mpaka moto ukose hewa. Karatasi na tumbaku vinanipeleka chooni. Huko kuna historia chungu. Tarehe 11 Julai 1973 ndege ya shirika la Varig, Boeing 707 iliyotoka Rio de Janeiro, ilijaa moshi ikiwa karibu kabisa kutua Orly, Paris. Moto ulianzia choo cha nyuma, na sigara iliyotupwa kwenye pipa la takataka ndiyo iliyoshukiwa. Marubani walilazimika kuitua shambani kabla ya kufika uwanjani. Katika watu 134 walikufa 123, wengi wao kwa moshi. Ndiyo maana hadi leo utakuta kisahani cha majivu kwenye mlango wa choo cha ndege ambayo kuvuta sigara ni marufuku kabisa. Kimewekwa ili anayevunja sheria apate pa kuizimia sigara, asitupe kichungi kwenye pipa lenye karatasi. Na ndiyo maana nakasirika, nakiri nakasirika sana, ninapokuta mtu amekifunika kitambua moshi cha chooni kwa mfuko wa plastiki ili avute kwa raha zake.

Safari ninayoikumbuka zaidi katika mafunzo yetu ni ya Air Canada namba 797. Tarehe 2 Juni 1983, ndege aina ya DC-9 ilikuwa njiani kutoka Dallas kwenda Toronto ikiwa na watu 46. Abiria aliyekaa safu ya mwisho alimuuliza mhudumu: hii harufu ni ya nini? Swali tu. Mhudumu akafungua choo cha nyuma, akakuta moshi umejaa toka sakafuni hadi juu, mwali hauonekani. Kiongozi wa wahudumu akaja na mtungi, akapuliza dawa kwenye kuta na kwenye nyufa ambako moshi ulikuwa unapenya. Moto wenyewe ulikuwa nyuma ya kuta hizo, dawa haikuufikia. Wahudumu wakawahamishia abiria mbele, wakawagawia taulo zenye maji wazibe pua na midomo, wakawachagua watu wenye nguvu wakawaelekeza namna ya kufungua madirisha ya dharura juu ya mbawa. Yote hayo kwenye moshi unaozidi kushuka. Marubani wakatua Cincinnati, milango ikafunguliwa, na kati ya sekunde 60 na 90 baadaye hewa mpya iliyoingia ikaufanya moto ulipuke ndani kote. Waliotoka ni 23. Waliobaki ni 23.

Mtaniambia kwamba hata hivyo nusu walikufa. Ni kweli. Lakini hesabuni upande wa pili: bila swali la yule abiria wa safu ya mwisho, ni nani angekuwa mbele karibu na milango, na kitambaa chenye maji mkononi, na mtu anayejua kufungua dirisha? Vitambua moshi vya chooni na zile taa za sakafuni mnazoambiwa zitawaongoza hadi mlangoni vilipata nguvu ya sheria baada ya moto ule. Watu wa safari ile wamewalinda ninyi miaka yote hii.

Hapa niseme kuhusu oksijeni, maana kila penye moshi kuna anayeuliza kwa nini hatumshushii kinyago. Vinyago vile vimetengenezwa kwa ajili ya hewa inapopungua ndani ya ndege. Hewa yake huchanganyika na hewa ya ndani, kwa hiyo ukivivaa kwenye moshi utavuta moshi huohuo, na oksijeni itakayovuja itaulisha moto. Cha kufanya ni kuinama. Hewa nzuri iko chini. Kitambaa chenye maji kitazuia masizi na kupunguza muwasho, ingawa hakizuii kaboni monoksidi wala sianidi inayotoka kwenye povu la viti na plastiki inayoungua. Hivyo viwili havina subira. Pumzi chache zinatosha kumlegeza mtu miguu akiwa bado anauona mlango.

Sasa nifike kwenye betri, na hii ndiyo sababu niliwataja ninyi kwa majina ya mitaa yenu.

Najua mnavyoishi. Umeme unakatika, simu ndiyo duka, simu ndiyo benki, simu ndiyo wakala wa Guangzhou anayekutumia picha za mzigo saa nane za usiku. Pawabanki siyo anasa kwenu. Wengine mnazinunua huko kwa bei ya jumla, na kwa kuwa hazipokelewi kwenye shehena ya ndege ya abiria, mnazigawa: tano kwenye begi lako, tano kwa shemeji, nyingine ndani ya viatu vipya. Tangu Aprili 2016 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limepiga marufuku betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena kupanda ndege za abiria. Wanaozisafirisha kihalali hupitia ndege za mizigo au meli, zikiwa zimefungwa na kutangazwa. Marufuku hiyo ina damu nyuma yake. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliruka kutoka Dubai ikiwa na shehena kubwa yenye maelfu ya betri za lithiamu iliyotoka Hong Kong. Moto ukawaka, moshi ukajaza chumba cha marubani mpaka hawakuona vyombo vyao. Walijaribu kurudi Dubai, hawakuweza kutua. Wote wawili walikufa.

Betri ya lithiamu ina moto wa aina yake. Ikiwa imebondwa ndani ya begi, au ilitengenezwa vibaya, au imejazwa kupita kiasi, seli moja hupanda joto hadi mamia ya nyuzi, ikatema gesi inayowaka na kuipasha seli ya jirani, na ile nayo ya pili yake. Dawa ya mtungi inaua mwali, lakini joto linabaki ndani na baada ya muda mfupi moto unarudi. Kinachoikomesha ni maji mengi ya kuipoza: maji ya kunywa, juisi, soda, chochote kisicho na kilevi. Barafu hapana, kwa sababu inaifunika betri na kulifungia joto ndani. Na huwezi kumwagia maji kitu usichokifikia. Kwa hiyo pawabanki na betri za akiba haziruhusiwi kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege. Kule kuna mfumo wa kuzimia moto, ila hakuna mkono wa mtu wa kufika na chupa ya maji.

Wengi huteleza kwenye jambo moja mlangoni mwa ndege. Makabati yamejaa, tunakwambia begi lako la mkononi litashushwa chini, unachukua pasi na pochi, begi linaondoka. Pawabanki imebaki humo. Tafadhali, hata kama foleni inakusukuma na mimi mwenyewe ninaonekana nina haraka, fungua begi utoe betri kwanza. Nitasubiri.

Kuhusu ukubwa, mpaka wa kawaida ni saa-wati 100. Kwenye kifaa mara nyingi wanaandika miliampea kwa saa moja (mAh), kwa hiyo piga hesabu: miliampea 20,000 kwa volti 3.7 ni saa-wati 74, inapita. Elfu 27 inagusa mpaka. Elfu 30 ni saa-wati 111, na kuanzia 100 hadi 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege. Kuzidi 160 hairuhusiwi kabisa. Isiyo na maandishi yoyote, au inayodai miliampea nyingi mno kwa umbo la kiganja na bei ya mihogo, iache dukani. Tangu tarehe 28 Juni 2025 China yenyewe haikubali kwenye safari zake za ndani pawabanki isiyo na alama ya ukaguzi ya 3C, na wengi wenu mnaunganisha safari za ndani kule kabla ya kufika Guangzhou. Emirates nayo, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, inamruhusu abiria kubeba moja tu, asiitumie wala kuichaji ndani ya ndege, na asiiweke kabati la juu.

Hilo la kabati la juu lina sababu. Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan ilikuwa bado uwanjani Gimhae, Korea Kusini, ikijiandaa kwenda Hong Kong, moto ulipozuka ndani ya kabati la mizigo nyuma. Wote 176 walitoka wakiwa hai kwa sababu ilikuwa bado chini. Paa la ndege liliungua hadi likabaki wazi. Wachunguzi walisema chanzo kinachoelekea zaidi ni pawabanki. Kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huohuo Korea Kusini ikaagiza abiria wakae nazo karibu, mahali zinapoonekana. Fikirini ndege ile ingekuwa imeshapaa saa moja, juu ya bahari.

Mimi siihitaji fikra hiyo, maana nimeuona moshi wa betri kwa macho yangu. Ilikuwa safari ya usiku tukirudi nyumbani kutoka mashariki, taa zimezimwa, watu wamejifunika mablanketi. Mama mmoja alikuja mpaka jikoni peku, kanga begani. Hakubonyeza kengele, alikuja mwenyewe.

"Mwanangu, pale juu kuna kitu kinanuka."

"Kinanuka vipi, mama?"

"Kama waya ulioungua. Halafu kina utamu ndani yake, kinanikera koo."

Utamu ule ndio ulionifanya niache kila kitu. Gesi ya betri ina harufu hiyo. Nilimwomba anioneshe safu, mwenzangu akachukua mtungi na kofia, wa tatu akashika simu ya kwenda kwa marubani. Hivyo ndivyo tunavyogawana: mmoja anazima, mmoja anatoa taarifa, mmoja analeta vifaa na kuwasogeza watu. Niligusa mlango wa kabati kwa nyuma ya kiganja, kwa sababu ngozi ya huko huhisi joto upesi na ukiungua bado vidole vinakufaa kazi. Ulikuwa wa moto upande wa kulia, baridi upande wa kushoto. Mwenzangu alivaa kofia, nikaufungua mlango kwa upana wa mdomo wa mtungi tu, akapuliza, tukafunga. Moshi wa kijivu ulikuwa tayari unatambaa kwenye dari.

Kijana aliyekaa chini ya kabati lile alikuwa macho muda wote. Baadaye alikuja kusema kwamba aliisikia harufu mapema, akasimama, akafungua, akaona begi lake lina joto, akalifunika kwa blanketi na kukaa tena. Blanketi! Aliogopa kwamba akisema atanyang'anywa mzigo, au atashushwa, au atatajwa kwa polisi. Alikuwa mtoto wa watu, amekopa mtaji, na ndani ya begi mlikuwa na bidhaa za ndugu watatu. Sikuwa na moyo wa kumfokea. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini usiku ule uchi uliofichwa ulikuwa wa watu wote waliokuwa wamelala mle ndani.

Tulipofungua mara ya pili, blanketi lilikuwa linafuka. Tulimwaga maji. Yalikuwa ya chupa kubwa za jikoni, na yalipokuwa yanaisha abiria wenyewe walianza kupokezana chupa zao, mkono kwa mkono, kutoka safu za nyuma. Nawashukuru hadi leo. Lakini walikuwepo pia waliosimama kwenye ujia kupiga picha, na bwana mmoja aliyeamua kulishusha sanduku lake kutoka kabati la jirani wakati huohuo, likaanguka katikati ya njia, na mwenzetu aliyekuwa analeta mtungi wa pili akalazimika kulivuka kwa magoti. Begi lilipopoa tulilitumbukiza zima ndani ya pipa la maji na kulilinda mpaka magurudumu yalipogusa ardhi. Kapteni alikuwa ameshageuza kwenda uwanja wa karibu.

Yule mama alitupa dakika. Sijui angekaa kimya ingekuwaje, na sitaki kujua.

Kwa hiyo niseme nanyi mnaobeba mzigo wa wengine. Siwezi kuwaahidi kwamba tukitua hakutakuwa na maswali. Kama umevunja sheria, watu wa uwanja watafanya kazi yao. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba angani, begi lako likifuka, hakuna mhudumu atakayeanza na maswali ya mzigo ni wa nani na una thamani gani. Tutaanza na maji. Ukisema mwenyewe, utatuambia na kilichomo, ziko ngapi, ziko upande gani wa begi, na maelezo hayo yana thamani kuliko mtungi. Simu ikikutumbukia kati ya viti, usisogeze kiti kuitafuta. Kiti kinaweza kuibonda betri. Niite. Kifaa kikianza kuvimba au kupata joto mkononi, kichomoe kwenye chaji, kiweke mahali ninapokiona, niite. Kama ni zamu yangu ya kulala, wenzangu wako macho. Bonyeza kengele, njoo jikoni, mtume mtoto.

Nikishaitwa, ninachohitaji kutoka kwenu ni njia. Mwaka 1980, tarehe 19 Agosti, ndege ya Saudia namba 163 iliondoka Riyadh kwenda Jeddah, ikapata moshi nyuma dakika chache baada ya kupaa, ikarudi na kutua salama Riyadh. Salama kabisa, magurudumu kwenye lami. Rekodi ya sauti ya chumba cha marubani ina mhudumu akisema hawezi kufika nyuma kwa sababu watu wanapigana kwenye ujia. Wahudumu waliuliza tena na tena kama watoe watu. Ndege iliendelea kutembea, injini zikachelewa kuzimwa, milango haikufunguliwa kutoka ndani. Wote 301 walikufa kwa moshi wakiwa ardhini, na magari ya zimamoto yako nje. Wachunguzi walieleza makosa mengi ya marubani na ya waokoaji, na hayo siyo yenu. Ujia ni wenu. Tukisema kaeni, kaeni. Tukisema hamieni mbele, hamieni mikono mitupu.

Mikono mitupu, nasisitiza. Kila aina mpya ya ndege kubwa lazima ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 huku nusu ya milango imefungwa. Katika jaribio hilo hakuna anayebeba sanduku. Tarehe 3 Agosti 2016 pale Dubai, Boeing 777 ya Emirates iliyotoka India ilianguka kwenye njia yake na kuwaka. Picha zilizopigwa ndani zinaonesha watu wakishusha mabegi katikati ya moshi. Wote 300 walitoka, ila mzimamoto mmoja alikufa akiifanya kazi yake. Tarehe 2 Januari 2024 pale Haneda, Tokyo, Airbus ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani, ambamo walikufa watano kati ya sita. Airbus ile ilikuwa na watu 379. Vipaza sauti vya ndani vilikufa, wahudumu wakatumia vya mkononi na makoo yao. Milango iliyofaa ilikuwa mitatu kati ya minane. Mhudumu wa nyuma hakuwa na mawasiliano na marubani, akaangalia nje, akaamua mwenyewe kufungua mlango wake. Ndege iliungua ikabaki majivu, na wote 379 walikuwa nje. Mabegi yao yaliungua. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuchukua lake.

Najua begi lako lina nini. Lina mkopo wa VICOBA, lina ada ya watoto, lina dhahabu ya harusi ya binti wa dada yako. Weka pasi na fedha kwenye pochi ya mwilini kabla hatujapaa, ili siku hiyo usiwe na cha kutafuta juu.

Nimalizie kwa mawakala wa mizigo na jumuiya za wafanyabiashara, kwa sababu mteja anawasikiliza ninyi kabla hajanisikiliza mimi. Bandikeni kwenye ofisi zenu, kwa Kiswahili, kwamba betri zisizo ndani ya kifaa hazipandi shehena ya ndege ya abiria, wala hazifichwi kwenye nguo. Mteja akiwaambia hamna betri, fungueni muangalie. Anayekusanya kilo za abiria wengine ili apitishe bidhaa zake amwambie kila mmoja wao, wazi, alichombebesha; yule dada anayebeba begi la jirani kwa hisani ana haki ya kujua ameweka nini juu ya kichwa chake. Mnaokwenda Guangzhou kwa makundi, chagueni mtu wa kukagua mabegi hotelini usiku wa kuondoka: kila pawabanki itolewe, isomwe maandishi yake, iliyovimba itupwe, inayobaki ikae na mwenyewe kwenye mfuko wa kiti au chini ya kiti cha mbele, mdomo wa chaji umezibwa kwa gundi ya karatasi au ndani ya kifuko chake. Ni kazi ya nusu saa kwa kundi zima.

Tutaonana mlangoni. Mkiingia, nionesheni pawabanki ilipo.

Wenu,
Mhudumu wa ndege
Dar es Salaam